Mgeni wa Chumba cha Mwisho

Asubuhi hiyo dada mtu alipanda kumgongea mdogo wake waende darasani. Kabla hajaugusa mlango, akamsikia ndani akiitika, "Abee, mama!"

Mama yao alikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Simu ya mdogo mtu ilikuwa kwenye chaji, imezimwa.

"Unaongea na nani?"

"Si wewe umeniita?"

"Sijakuita. Na tangu lini nimekuwa mama yako?"

Wakacheka, wakashuka ngazi.

Mdogo mtu alikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Bwenini walimwita Kasuku, maana akianza kuongea hata maji ya chai yalipoa yakimsubiri amalize. Dada yake, wa mwaka wa mwisho, aliyehamia bweni hilo mwaka huo, alilala ghorofa ya chini. Vyumba vya wawili wawili vilikuwa vimejaa, kwa hiyo Kasuku akapewa chumba cha peke yake, cha mwisho kabisa ghorofa ya tatu, kimepakwa rangi mpya. Wenzake walimwonea wivu.

Haukupita muda, Kasuku akaanza kuishiwa maneno. Kwanza aliacha utani, halafu salamu. Sahani ya chakula aliirudisha kama alivyopewa. Akipita karibu yako ulisikia harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa, na huko nje jua lilikuwa linapasua mawe.

Dada akamshika mkono hadi zahanati ya chuo. Muuguzi akampima malaria, hana. "Mitihani imekaribia, wote wako hivihivi," alisema huku akimwita anayefuata. "Anywe maji, apumzike." Kwa mshauri wa wanafunzi, mmoja tu kwa chuo kizima, waliambiwa warudi mitihani ikiisha. Akabaki mlezi wa bweni, mama wa makamo mwenye funguo zinazolia kiunoni.

"Huyo ni deko tu, mwanangu. Si ndiye kitinda mimba?"

"Mama, mdogo wangu anakufa huku namwona."

"Koma!" Mlezi akatazama juu, kwenye dari. "Neno hilo usilitamke ndani ya jengo hili."

Akazishika funguo zake zisilie, akaondoka.

Mchana mmoja Kasuku hakuonekana darasani. Dada akaomba ruhusa, akakimbia bwenini. Jua lilikuwa la utosi na jengo lilikuwa tupu, nguo zimening'inia kwenye kamba bila kutikisika. Alipofika ghorofa ya tatu ile harufu ya mvua ikampokea, nzito, na nyuma ya mlango wa mwisho akasikia sauti ikibembeleza taratibu, sauti ya mama yao, yenyewe kabisa, hata kile kikohozi kidogo katikati ya maneno, akausukuma mlango, akamwona mdogo wake ameketi kitandani amempa mgongo, na nywele zake zilikuwa zinasukwa, fungu juu ya fungu, zinanyanyuka, zinapishana, zinakazwa, na hapakuwa na mkono wowote unaozisuka.

"Tulia, mwanangu," ilisema ile sauti. "Hakuna mwingine anayekutaka."

Dada akapiga hatua moja ndani.

"Funga huo mlango, bibie," sauti ikaendelea, sasa ikimgeukia yeye. "Si ndiyo kazi yenu, kufunga milango?"

Hakujua nguvu aliipata wapi. Alimrukia mdogo wake, akamkumbatia kiunoni, akamvuta. Yule binti aliyekonda kama ufito alikuwa mzito kama gunia la saruji. Akamburura mpaka koridoni, wakateremka ngazi wakiserereka kwa makalio, dada analia, Kasuku kimya, macho wazi.

Mlezi aliwakuta chini. Alipoona nywele zile, nusu zimesukwa, hakuuliza swali. Alisema tu, "Namjua mtu," akaita teksi.

Mganga alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, asiyependa maneno. Akamlaza Kasuku mkekani, akamfukiza ubani, akamwambia dada ashike mkono wa mgonjwa na asiuachie hata iweje.

"Wewe nani?" mganga akauliza.

Midomo ya Kasuku ilikuwa imefumbwa, ila sauti ikatoka. "Mama."

"Mama wa nani?"

"Wa wasio na mtu."

"Nani kakuleta kwa watoto wa watu?"

"Sikuletwa. Niliitwa. Mwaka jana, kitanda kilekile, mtoto aliumwa, akalia mama, mama, usiku na mchana, na nje ya mlango watu wakipita na vitabu vyao, wakicheka, wakiulizana maswali ya mtihani, hakuna aliyegonga, mpaka sauti ikamkauka, mpaka harufu ndiyo ikawaita. Nilikuwa napita. Nikaitika mimi. Nikakaa naye mpaka mwisho. Ninyi mlikuja na rangi."

Mlezi alijifunika uso kwa mtandio.

"Mtoke huyu," mganga akasema.

Dada alihisi vidole vya mdogo wake vikiwa baridi kama chuma ndani ya vyake. Akavibana zaidi.

"Huyu ana mtu," sauti ikasema hatimaye, kama inayochukia. "Nitamwacha. Chumba siachi."

Kasuku akainuka ghafla, akatapika maji meusi ya tope. Kisha akalia kwa sauti yake mwenyewe, "Dada, nina njaa!"

Mganga alikuwa analowa jasho. "Kichwani katoka," alisema. "Huko kwenu sina uwezo naye. Pale asilale mtu peke yake."

Kasuku akahamia godoro la chini, chumbani kwa dada yake. Akala, akalala, maneno yakarudi mpaka wenzake wakaanza kulalamika. Mlezi alikifunga kile chumba akaapa hakitafunguliwa. Lakini mlezi si ofisi. Muhula mpya ulipoanza alikuja kwa dada mtu mbio, midomo imemkauka.

"Nimewaambia, nimewapigia magoti! Wanasema kitanda hakiwezi kukaa bure. Wameshampa mtoto mgeni. Yuko juu."

Dada alizipanda ngazi mbilimbili. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi. Binti mdogo, sare bado mpya, alikuwa anakunja nguo zake kitandani. Akatabasamu.

"Shikamoo, dada. Karibu."

"Acha hivyo vitu. Njoo, utalala kwetu."

"Kwa nini? Mbona mama ameshanitandikia vizuri?"

"Mama yupi?"

Binti akashangaa. "Si huyo aliyesimama nyuma yako."

Harufu ya mvua ikajaa chumbani. Dada mtu hakugeuka. Alinyoosha mkono mbele, kwa yule mtoto ambaye hata jina lake hakulijua.

"Nishike," alisema. "Nishike, usiniachie."

Nyuma yake, mlango ulianza kujifunga.