Mikono Mia Moja ya Daftari

Marehemu alilala kando ya meza ya kupigia pasi, fuvu limepasuka, kinywani amesindiliwa karatasi mpaka mashavu yametuna. Pasi ilikuwa sakafuni, imeganda damu na nywele. Daktari wa polisi alihesabu mapigo saba. Moja lingetosha, alisema. Sita yalikuwa ya hasira tu.

Inspekta aliagiza karatasi zile zikaushwe maabara, akaenda kukaa na mjane jikoni. Mumewe, alisema mjane, alifundisha takwimu chuoni, na kwa miezi minane alikuwa akimsaidia shemeji yake. Huyo shemeji ni kaka wa mjane, na mtaa mzima unamwita Daftari.

Daftari alicheza poka ya mtandaoni, na aliapa kwamba kampuni yenye mchezo huo inachezea karata. Kila akishika ree mbili, jozi kubwa kuliko zote, anapigwa. Ushahidi wake ulikuwa mikono arobaini, yaani raundi za karata, aliyoiandika, yote ya kushindwa. Jamani! Hata mimi nikiandika siku za mvua peke yake, nitaapa jua halijawahi kuwaka.

Marehemu alimwambia aanze upya: aandike mikono mia ya ree mbili dhidi ya mpinzani mmoja, ya kushinda na ya kushindwa, asiruke hata mmoja. Wakapatana mapema. Akishinda kama themanini, mchezo ni halali. Akishinda kama hamsini, anaibiwa, na mwalimu atamwandikia hivyo kwa sahihi yake.

Daftari alikuja kituoni mwenyewe, ameoga, shati jeupe. Alisema hakuonana na shemeji yake siku ile. Alikuwa ampelekee matokeo kesho yake. Akafungua daftari mezani: mikono mia, ameshinda hamsini na mbili.

"Naibiwa, afande. Huyu ndiye angenisainia. Nimuue kwa lipi?"

Hoja ilikuwa na mashiko. Inspekta alipitisha kidole kwenye mistari: shinda, shindwa, shinda, shinda, shindwa. Hakuna mahali palipokuwa na matokeo matatu mfululizo ya namna moja. Akamwita sajenti, akamwambia arushe sarafu mara mia na aandike kila mrusho. Sajenti alinung'unika, lakini alirusha. Upande wa picha ulikuja mara sita mfululizo, baadaye upande wa namba mara tano. Akarusha mia nyingine, ikawa vivyo hivyo.

"Bahati haipangi foleni," Inspekta alisema. "Wewe umeipanga. Hii umeitunga kichwani."

Jibu la maabara lilipofika, Inspekta aliliweka mbele yake: picha za karatasi zilizotoka kinywani mwa marehemu, mwandiko wake Daftari, mikono mia. Ushindi themanini na moja. Kumbukumbu za kampuni zilisema vilevile, mkono kwa mkono.

Akaanza kulia. Mke wake alikuwa ameondoka na watoto, alisema, kwa sababu ya michezo hii. Mkewe alimwambia hatarudi mpaka yeye Daftari alete karatasi yenye sahihi ya mwalimu.

"Nikamwomba shemeji aandike tu kwamba nimeibiwa. Akasema, 'Siwezi kusaini uongo. Huibiwi, hujui kucheza.' Akageuka kunyoosha shati lake. Nikaikamata pasi. Nikamwambia ale namba zake."

Inspekta alimwachia aandike maelezo yake na kuyasaini. Kisha akamwambia kwamba asubuhi alikuwa amezungumza na huyo mke wake Daftari.

"Nilimuuliza karatasi ilitakiwa iseme nini."

Daftari akainua uso.

"Alisema iseme ukweli wowote. Hata kama hukuibiwa. Alitaka ukubali tu, arudi. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni tangu juzi."

Daftari alizivuta zile picha karibu, akaanza kuhesabu tena kuanzia mkono wa kwanza.