Maswali ya Mzee Gwakisa

Kimulikamwili kilifunguka taratibu, nusu zake mbili nyeupe zikiachana kama maganda ya karanga, na mama mmoja wa makamo akatoka ndani akijikung'uta kanga kana kwamba alikuwa ameketi vumbini.

"Ndiyo kusema tayari?" aliuliza, akitazama huku na huku.

"Tayari, mama," sauti ilimjibu sikioni. "Umetulia vizuri sana. Sasa nenda ukanywe chai, maana hujatia kitu tumboni tangu asubuhi."

Yule mama akacheka peke yake, akasema, "Asante, mwanangu," akaondoka zake. Hakuna aliyeshangaa kumsikia akiiita mashine mwanawe. Jijini Mbeya watu walikuwa wameshazoea.

Nyuma ya kioo, mhandisi Anyitike Mwalukasa alitabasamu. Kimulikamwili kilikuwa kazi ya watu wengi. Kiliuchora mwili mzima kwa pumzi chache tu, kuanzia mifupa hadi damu inavyopita kwenye ini, na hakikutumia mionzi ya kuogopesha kama mashine za zamani, bali sumaku tulivu isiyozidi ile inayofunga mlango wa jokofu. Lakini sauti ile ya sikioni ilikuwa kazi yake yeye mwenyewe. Aliipa jina la Mjibu.

Mjibu aliishi ndani ya kinong'oni, kidude kidogo kama punje ya hindi ambacho kila mgonjwa alipachikwa nyuma ya sikio mara tu alipofika mapokezi. Kazi yake ilikuwa moja: kujibu. Watu waliuliza kama watasikia maumivu, kama wavue pete, kama mtoto aliye tumboni atadhurika, kama kukohoa kutaharibu picha. Wapo waliouliza kama mashine inaona mawazo. Kijana mmoja aliyekaribia kuoa aliuliza kama inaweza kuonyesha wanawake aliowahi kuwa nao. Mjibu hakuwahi kuchoka wala kumcheka mtu. Alijibu kwa Kiswahili, kwa Kinyakyusa, kwa Kisafwa, na alisema ukweli daima. Tena alikuwa na kanuni ambayo Anyitike aliiandika kwa mkono wake: maswali ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na Mjibu hamwambii mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo ukumbi wa kusubiria, uliokuwa na kelele kama soko enzi za wauguzi kuitana majina, sasa ulikuwa kimya. Watu walikaa bega kwa bega, kila mmoja akiinong'oneza kola ya shati lake. Wageni waliotembelea hospitali waliusifu sana ukimya huo, na sifa hizo zikamfikisha Anyitike mbali. Ijumaa ya wiki ile alitakiwa kupanda chombo kwenda Kilele, kituo kinachoizunguka dunia, akakae huko miaka miwili na kufunga kimulikamwili cha kwanza cha angani.

Kabla ya kuondoka alikuwa na jambo moja la kumaliza: baba yake.

Mzee Gwakisa alikuwa kinyozi mstaafu wa Mwanjelwa. Mkewe alifariki Anyitike akiwa darasa la pili, naye akamlea binti peke yake, akimsuka nywele kwa vidole vilivyozoea kunyoa. Alikuwa mtu wa maswali. Anyitike alipokuwa chuoni, mzee alimpigia simu kuuliza kwa nini maziwa yakichemka yanafurika na maji hayafuriki. Alipopata kazi, aliuliza mashine inalala saa ngapi. Wiki kadhaa sasa alikuwa akishika ubavu wa kushoto kila anapoinuka, na alipoulizwa alisema amelala vibaya. Anyitike alimkatia nafasi Jumatatu.

Walipanda pamoja gari la waya linalokwea mlima Loleza hadi hospitalini. Asubuhi ilikuwa ya baridi na ukungu ulikuwa haujaachia mashamba ya viazi chini yao. Anyitike alikuwa akizungumza kwa simu na mhandisi mwenzake Lusajo, mbadala wake wa safari, kuhusu mizigo.

"Anyi," mzee alimgusa kiwiko. "Haya meno yangu mawili ya chuma, sumaku haitayang'oa?"

"Haiwezi, baba. Ngoja kidogo. Lusajo, nyaya za akiba ziwe mbili."

"Na nikipiga chafya humo ndani?"

"Baba, yote hayo utamuuliza Mjibu. Anajua kuliko mimi."

"Ananijua?"

"Atakujibu vizuri, utaona."

Mzee akageukia dirisha, akatazama ukungu. Hakuuliza tena mpaka wakafika.

Sheria haikuruhusu mfanyakazi kumhudumia ndugu yake, kwa hiyo Anyitike alimkabidhi mapokezi akaenda kufunga makabati ya ofisi yake. Mgonjwa wa kawaida alitoka baada ya robo saa. Mzee Gwakisa alikaa humo hadi saa ya chai ikapita. Alipotoka alikuwa amevaa kofia yake vizuri na shati limechomekwa.

"Wanasemaje, baba?"

"Gesi tu," mzee alisema. "Nipunguze maharage."

Anyitike akashusha pumzi, akamkumbatia, akarudi kwenye makabati yake.

Jumanne ilipita kwa kuaga watu. Jumatano asubuhi, akiwa anakunja nguo, alihisi kuna kitu kimepungua, akashindwa kujua ni nini. Alihesabu vitambulisho, akakagua begi, vyote vilikuwapo. Kisha akaitazama simu yake, ndipo akajua. Tangu Jumatatu baba yake alikuwa amempigia mara nne: kumsalimu, kumwambia mvua imenyesha, kumkumbusha sweta, kumkaribisha chakula cha kumuaga. Hakuuliza swali hata moja. Mtu ambaye binti yake anarushwa angani keshokutwa hakutaka kujua huko watu wanaogaje!

Akaiacha nguo, akapanda gari la waya.

Chumba cha kimulikamwili kilikuwa tupu, mafundi wamekwenda kunywa chai. Akapachika kinong'oni sikioni.

"Mjibu, mimi ni Anyitike."

"Karibu, mhandisi."

"Jumatatu Mzee Gwakisa Mwalukasa alikuuliza nini?"

"Maswali ya mgonjwa ni ya mgonjwa," Mjibu alisema kwa upole uleule. "Siwezi kukuambia."

"Ni baba yangu."

"Ndiyo, mhandisi. Na siwezi kukuambia."

Ufunguo wa kumfungua Mjibu hadi ndani kabisa ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi mmoja na kitambulisho. Aliushika. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Angesoma kila neno, na hakuna ambaye angejua. Alisimama pale akiwaza jinsi baba yake angemtazama siku akijua, yeye aliyesikia siri za nusu ya Mwanjelwa kwenye kiti chake cha kunyolea na hakuwahi kuleta hata moja nyumbani. Akaurudisha ufunguo ndani ya blauzi.

"Mjibu, kuna swali ulilowahi kushindwa?"

"Yapo mengi," Mjibu alisema. "Huwa nawaambia waende kumuuliza mtu wao."

Alimkuta baba yake nyumbani kwake, ua wa nyuma, ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi. Beseni lilikuwa limejaa hadi pomoni, na bado aliendelea kumenya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Chakula ni cha jioni."

"Viazi vyote hivi ni vya nani?"

Mzee akalitazama beseni kana kwamba limeletwa na mtu mwingine. Anyitike alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi mbele yake na kumtoa kisu mkononi.

"Baba, sikuja kama mhandisi. Picha ilionyesha nini?"

"Nimeshakwambia, gesi."

"Hujaniuliza swali tangu Jumatatu."

Mzee Gwakisa alisukuma beseni kando. Alifuta mikono kwenye suruali, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu.

"Kuna kitu kwenye figo la kushoto," alisema mwishowe. "Kikubwa kama limau. Daktari anataka kukitoa upesi."

Anyitike alikiweka kisu chini, taratibu.

"Huyo mtu wako wa sikioni ana adabu, sikatai," mzee aliendelea. "Nilimuuliza kama picha inaweza kukosea, akasema mara chache sana. Nikamuuliza majibu yangu ataona nani, akasema mimi na daktari tu, mpaka mimi niruhusu. Nikamuuliza nikisubiri hadi Jumamosi ndipo nilazwe, nitajiongezea hatari? Akasema kidogo, lakini ipo. Hapo nikaona basi, mambo yamekaa sawa. Ijumaa wewe unaondoka, Jumamosi mimi nalazwa, ukipata habari uko juu na mimi nimeshapona."

"Na kama usingepona?"

"Sasa hilo ndilo lililonikalisha mle ndani. Nikamuuliza, nimwambie binti yangu, au nimwache aende? Akanyamaza. Mara ya kwanza namsikia ananyamaza. Akasema, 'Mzee, jibu la hilo sina. Una mtu wa karibu unayeweza kumuuliza?' Nikamwambia ninaye. Lakini ndiye aliyenileta kwako."

Anyitike aliinamisha uso. Machozi yalimdondoka kwenye maganda ya viazi na hakuyafuta. Miaka sita alijivunia kwamba hakuna mgonjwa aliyetoka kwenye mashine yake na swali mkononi. Hakuwahi kujiuliza watu hao walikuwa wakienda na nini nyumbani, wakiwa wamejibiwa yote na hawana tena sababu ya kumwambia mtu neno.

"Niulize mimi," alisema.

"Nini?"

"Yote. Uliyomuuliza yeye na ambayo hukumuuliza. Niulize."

Mzee alimtazama kwa mashaka, kisha akajivuta mbele. Akaanza na madogo: mtu mwenye figo moja anaruhusiwa kula chumvi? Atapasuliwa wapi, na kovu litakuwa kubwa kiasi gani? Anyitike alijibu alichojua. Mzee akauliza kama uvimbe umeanza kutembea mwilini, na binti akasema, "Sijui, baba. Tutamuuliza daktari pamoja." Akauliza kama mama yake Anyitike angepona iwapo enzi zile kungekuwa na mashine hii. Hilo hakuwahi kulitamka tangu msiba. Anyitike akasema hajui, na kwamba yeye pia hujiuliza, kila mgonjwa anapotoka mle ndani. Wakakaa hivyo, jua likiwapanda mabegani, mpaka maswali yakaisha.

Ndipo Anyitike akatoa simu akampigia Lusajo.

"Unafanya nini?" mzee alishtuka.

"Nampa kiti changu."

"Anyitike! Miaka yote hiyo umesoma! Wakikuacha hawatakurudia, si ulisema mwenyewe foleni ya Kilele ni ndefu?"

"Ni ndefu."

"Basi kata simu. Mimi baba yako nakuamuru."

"Baba, ni wewe uliyeuliza kama uniambie au uniache niende. Umeniambia. Sasa niache nijibu."

Mzee akagomba, akasimama, akazunguka ua, akarudi kuketi. Halafu akachukua kisu akaendelea kumenya viazi.

Alilazwa Alhamisi, akapasuliwa Ijumaa asubuhi. Mikono ya chuma ya mashine ya upasuaji, mwembamba kila mmoja kama sindano ya kushonea, ililitoa figo lote na uvimbe wake. Daktari alitoka na kusema haukuwa umetembea, ila angependa kumwona mzee kila baada ya miezi michache. Anyitike aliuliza maswali mengi hadi daktari akaangalia saa.

Mzee Gwakisa alipozinduka, alikuta binti yake ameketi kando ya kitanda na bakuli la uji.

"Chombo kimeondoka?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Kimeondoka, baba. Saa nne."

"Nani amekalia kiti chako?"

"Lusajo."

"Yule anayekula sana?"

"Huyohuyo."

"Watakufa njaa huko juu," mzee alisema, akacheka, kisha akakunja uso na kushika bandeji. "Usinichekeshe."

Anyitike akamlisha kijiko cha uji. Mzee akameza, akafumba macho. Anyitike alidhani amelala, akaweka bakuli chini.

"Nilitaka uende," mzee alisema bila kufumbua macho.

"Najua, baba."

"Na nilitaka ubaki."

Anyitike alijongeza kiti chake karibu. Akausogeza mkono wake chini ya mkono wa baba yake, wenye mishipa na alama ya sindano, akauacha hapo.