Aliyefuta Bila Kusoma

Jua lilikuwa la utosi pale taa ya makosa ilipowaka nyekundu kwenye mashine ya kupimia, na hakuna mtu aliyekuwa ameigusa.

Gaudens alikuwa fundi mitambo, mtu wa Bukoba. Alipunguzwa kazini enzi zile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa kama nguo za mnadani, akaokotwa na kampuni mpya ya simu iliyosimamisha mnara pale Bungu. Kampuni ilimpangia nyumba kando ya mnara. Chumba cha mbele kilikuwa cha mashine; vya nyuma alikaa yeye, mkewe Natalia, na binti yao Vicky, ambaye alikuwa hajaanza hata shule.

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Iliupima mtambo wa mnara, na ikiona hitilafu inaiweka akiba na kuwasha taa. Fundi akiiuliza, inamtajia kosa moja moja kuanzia la zamani, mpaka iseme: sifuri, hakuna kosa. Ila ilikuwa pia na amri ya kufuta yote kwa mpigo bila kusoma, na Gaudens, ole wake, aliipenda hiyo. Kila mchana wakubwa wa Dar walimwita kwenye redio wakitaka kusikia sifuri, na mtu aliyeonja kukaa bila kazi hatafuti maneno.

Siku ile aliuliza kwa udadisi tu. Mashine ikajibu kwamba mtu aliye mbele yake amebonyeza kitufe cha kuomba kusikilizwa.

"Vicky! Umechezea mashine?"

"Amelala," Natalia akajibu kutoka uani. "Usiniamshie mtoto."

Gaudens akafuta.

Kesho yake taa iliwaka tena, na chumba kikanuka tope bichi la mikoko, ilhali kutoka Bungu mpaka kwenye mikoko ni safari. Akafuta. Siku iliyofuata kitu kiligonga ndani ya mashine, taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayejua wenyeji wapo. Aliuliza, na kabla jibu halijatoka redio ikaita, akafuta haraka. Kwenye kioo yakabaki maneno: umeuliza, hukusubiri jibu.

Ni kosa la kawaida, alijiambia, limo hata kwenye kitabu cha maelekezo; lakini alipogeuka akaona sakafuni nyayo za tope, ndefu kuliko za binadamu, zimetoka chini ya meza ya mashine, zimepita ukutani pasipo mlango, na alipozifuata upande wa pili akiwa ameshika moyo wake zikamfikisha kwenye mkeka wa Vicky, zikaishia hapo, bila hata moja ya kurudi.

Tangu hapo mtoto hakula wala kusema. Dawa za zahanati zilishindwa, maombi yakashindwa. Mshamu, mlinzi wa mnara, akamleta mganga, Bi Mwanaheri.

"Baba Vicky, mlipigiwa hodi humu?" aliuliza akifukiza ubani.

Gaudens akasimulia habari ya taa.

"Ukamwuliza ataka nini?"

"Niliuliza, Bibi."

"Akakujibu nini?"

Gaudens akainamisha kichwa. "Sikusubiri."

"Lahaula! Jini ukimwuliza shida yake unakaa kitako unamsikiliza, hata kama wajikojolea. Wewe umemwuliza, kisha ukampa kisogo?"

Akamwinamia mtoto, akanong'ona: "Uliye humu, u nani? Wataka nini?"

Wakasubiri. Kinywa cha Vicky kikafunguka, ikatoka sauti nzito ya mtu mzima.

"Leo mnasubiri. Mnara wenu umekaa juu ya njia yangu ya kwendea mtoni. Niliomba nipishwe, nikafutwa. Nikaomba tena, nikafutwa. Nikachoka kusimama, nikatafuta pa kukaa."

"Tutauhamisha!" Gaudens alilia. "Nawaambia Dar sasa hivi!"

"Nilikuwa naomba," sauti ilisema. "Siombi tena."

Mwanaheri alisoma, akafukiza, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Alasiri mtoto akapiga chafya, akafumbua macho, akaita, "Mama." Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Gaudens alipiga magoti akalia kwa furaha, na Natalia akakimbilia jikoni akaja na wali na samaki.

Vicky akatia tonge mdomoni. Akalitema.

"Wali una chumvi," alisema kwa upole.

Mwanaheri, aliyekuwa mlangoni akijifunga kanga, alisimama.

"Majini hawali chumvi," alisema kwa sauti ya chini, akatoka bila kuaga.

Natalia alimtazama binti yake, mikono ilivyokonda, midomo ilivyopasuka kwa njaa. Akafuta machozi, akainuka, akabandika sufuria nyingine, bila chumvi.