Nne kwa Mia

Fundi hakuwa na baba wa kumshika mkono, wala mjomba wa kumpigia simu mkubwa yeyote. Hakuwa na tai. Hakuwa na picha hata moja akiwa na sare ya sekondari, kwa sababu sekondari aliianza akiwa na miaka ishirini na minane, jioni, vidole bado vina chaki ya kuchorea vitambaa. Hakuwa na meza ya kusomea. Alisomea juu ya meza ya kukatia nguo. Na tangu wiki mbili zilizopita hakuwa na tumaini tena. Tumaini lake lilikuwa limekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya mguu wa cherehani, ili isitikisike.

Ilikuwa ni fomu, aliyokwisha kuijaza, ya kuomba nafasi katika chuo kikuu kile ambacho kila mtu hukisifu, na ambako karibu kila mtu hukataliwa.

"Leo siku ya mwisho," alisema dada yake bila kuinua macho kwenye pindo la suruali. Walishona duka moja, cherehani zikitazamana.

"Najua."

"Posta wanafunga saa kumi."

"Najua, dada."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeinama miaka saba, kitu umeshakiona, sasa unasimama unajinyoosha!"

"Nimekwambia, nne kwa mia."

Dada akasonya. "Hiyo nne yenu nitakuja kuishona mdomo."

Nne hiyo aliitoa Mwalimu. Alifundisha hesabu katika masomo ya jioni, na wanafunzi walimwita Bibi Asilimia akishawapa mgongo. Fundi alipomaliza darasa lake alirudi siku moja kumshukuru, akarudi tena kumshukuru, na aliporudi mara ya tatu Mwalimu alimuuliza kama shukrani zake zina mwisho. Sasa walikuwa wachumba mwaka wa pili.

Mwalimu alikuwa na daftari lake. Kila mwaka, kabla mwanafunzi hajatuma maombi, aliandika uwezekano wake wa kupata nafasi. Majibu yakirudi, aliandika pembeni kilichotokea. Hakukadiria kwa huruma. Aliangalia waliotangulia wenye alama na maisha kama ya yule, wangapi walichukuliwa, wangapi waliachwa. Aliyeambiwa sabini alianza kutafuta sanduku la safari. Aliyeambiwa kumi alishauriwa aombe na chuo kingine. Kwa hiyo Fundi alipoambiwa nne hakubisha. Nani hubishana na mizani?

Adhuhuri hiyo alikuwa anamalizia jalada la daftari hilohilo. Kila mwaka alimshonea Mwalimu jalada jipya kwa mabaki ya kitambaa cha suti. Fundi alikuwa na mwiko wake: nguo ya mteja hapekui mifuko. Lakini daftari lililofungwa halivishwi jalada. Ni lazima ufunue mwanzo, ufunue mwisho, uingize ncha. Na karatasi ya mwisho ilikuwa ya mwaka huu.

Akauona mstari wake. "Fundi: 4."

Pembeni ya ile nne karatasi ilikuwa nyembamba, yenye manyoya kidogo. Mtu mwingine asingeona kitu. Lakini fundi anajua kwamba mshono uliofumuliwa huacha matundu. Akaliinua daftari dirishani, mwanga ukapita. Baada ya nne palikuwa na alama ya duara. Penseli ilikuwa imekandamizwa, kisha ikafutwa.

Arobaini.

Alilishusha daftari. Kisha akachukua simu, akaandika:

"Mwalimu, jalada liko tayari. Njoo ulichukue."

Jibu likaja: "Mbona leo Mwalimu? Jana nilikuwa mpenzi."

Akaandika: "Njoo tu."

Alifika saa nane, ameshika mwavuli na tabasamu la wasiwasi. Dada akamtazama, akamtazama mdogo wake, akaokota kikapu.

"Mimi naenda kutafuta uzi."

"Uzi si huo umejaa?" aliuliza Mwalimu.

"Wa rangi nyingine, wifi. Kuna rangi leo humu ndani sizielewi." Akatoka.

Fundi akaweka daftari mezani, limefunuliwa.

"Nisomee hapa."

Mwalimu hakuhitaji kusoma. Aliketi taratibu kwenye kiti cha wateja.

"Umeona."

"Miaka saba umenifundisha kwamba namba haimwogopi mtu wala haimpendi mtu. Leo nauliza, hii ilimwogopa nani?"

"Mimi."

"Nisaidie kuelewa. Arobaini ilikuwa ya kweli?"

"Ya kweli. Nilikuhesabu pamoja na watu wazima wanaofanya kazi. Wale wana usaili wao, wanatazamwa tofauti. Kwa alama zako na insha yako, arobaini. Nilirudia mara mbili nikiomba ipungue."

"Ikakataa."

"Ikakataa. Nikaifuta mwenyewe."

Fundi akacheka, lakini kicheko hakikuwa na meno. "Unajua fomu iko wapi? Iko chini ya mguu wa cherehani. Nimeshona juu yake wiki mbili. Kila nikikanyaga nasema, tulia bwana, kila mtu na saizi yake."

"Nisamehe."

"Ungeniambia usiende, tungegombana. Ningekasirika, pengine ningebaki, pengine ningeondoka, lakini ningekuwa mwanaume aliyeombwa abaki. Wewe uliniambia huwezi. Na mimi kwa kukupenda nikakuamini."

Mwalimu aliinama. Alipozungumza, alizungumza na vidole vyake.

"Chuo kiko safari ya siku mbili. Miaka minne. Unajua nilikuwa na mchumba kabla yako?"

"Nilisikia."

"Hukusikia yote. Alikwenda kusoma hukohuko. Mimi ndiye niliyemkadiria, mimi ndiye niliyempigia pasi shati la usaili. Aliniandikia barua tatu. Ya nne ilikuwa kadi ya mwaliko wa harusi yake."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Fundi alivuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Na mimi, uwezekano wa kurudi, umeniwekea ngapi?"

"Nilishindwa kuandika."

"Kwa nini?"

"Sina waliotangulia wa kutosha. Ninaye mmoja tu, na hakurudi."

"Mtu mmoja si hesabu," alisema Fundi polepole. "Nani alitufundisha hivyo? Kuna mama mmoja darasani alisema mjomba wake alivuta sigara akafika miaka tisini. Ulimjibu nini?"

Mwalimu akajikuta anatabasamu huku machozi yanashuka. "Nilimwambia akatafute wajomba wengine mia."

"Basi na wewe usinihukumu kwa mjomba mmoja."

"Umekasirika?"

"Sana. Nitakasirika mpaka Ijumaa, nimeshapanga. Lakini posta haingoji Ijumaa."

Akainua cherehani kwa bega, akachomoa fomu. Ilikuwa na alama ya mguu katikati, mviringo kama mhuri. Akaitandaza, akapitisha pasi ya uvuguvugu juu yake. Mikunjo ikalala; ile alama ilibaki. Kisha akaweka mbele ya Mwalimu karatasi iliyokuwa ndani yake, ile inayojazwa na mwalimu wa mwombaji peke yake na kufungwa bila mwombaji kuiona.

"Hii ni yako. Sikulazimishi. Nne kwa mia niliikubali kwa sababu ilitoka kwako. Arobaini nayo sitaichukua kwa nguvu."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani. Saa tisa kasoro robo. Akavuta kalamu.

Aliandika kwenye meza ya kukatia nguo, tepu ikiwa shingoni mwa mchumba wake aliyegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Mara mbili aliacha, akafikiri, akaendelea.

"Umeandika ngapi?" Fundi aliuliza ukuta.

"Siri ya mwalimu."

"Nikipata nafasi?"

"Usinioe haraka kabla ya kwenda ili unitulize. Nenda kwanza. Likizo ya kwanza ukishuka hapo stesheni, ndipo unipime gauni. Nataka namba ya aliyerudi, si ahadi nzuri."

"Na nikikosa?"

"Sitini kwa mia utakosa," alisema kwa sauti imara. "Tutaomba tena mwakani. Na safari hii sitafuta namba."

Akatia karatasi kwenye bahasha, akapaka gundi, akabana kwa kiganja, akatia sahihi juu ya mfungo. Fundi akaweka yote kwenye bahasha kubwa pamoja na fomu yenye alama ya mguu. Wakafunga duka, wakakimbia kama watoto waliosikia kengele. Mlangoni mwa posta wakapishana na dada akitoka mikono mitupu, bila uzi wa rangi yoyote.

"Nimemwambia karani asifunge," alisema. "Ingieni, ninyi!"

Dirishani karani akapokea bahasha, akaipima kwa mkono.

"Ya kawaida, au ya haraka?"

"Ya haraka," alijibu Mwalimu, kabla Fundi hajafungua mdomo.

Karani akagonga mhuri, akaitumbukiza kwenye gunia la safari.