Mtoto wa Bibi Keziah

Kila Jumatatu Thirza alifua nguo za watu katika uchochoro wao, London. Mumewe, Obadia, alipakua makaa ya mawe mtoni. Jumatatu hiyo Thirza alisugua shati moja mpaka likatoboka.

"Shati la watu hilo," alisema Obadia. "Limekukosea nini?"

Thirza hakucheka. "Mama amezidiwa. Na jana kikongwe mmoja wa wodi yake alichukuliwa na gari la farasi. Alikufa bila ndugu, wakampeleka kwa madaktari wakampasue."

Mama yake, Bibi Keziah, alikuwa katika nyumba ya maskini ya parokia. Nyumba hiyo haikupokea mzee mwenye mtoto wa kumtunza, kwa hiyo Thirza alimwambia karani wake kwamba kikongwe huyo hana mtoto. Tangu hapo alimtembelea kila Jumapili kama jirani tu. Mbele ya watu hakuthubutu kumwita mama. Sasa uongo ule ulimtesa. Katika daftari, mama yake hakuwa na mtu.

Mchana alikuja jirani yao, Bi Gadd, kuchukua aproni yake. Bi Gadd aliosha maiti wa mtaa. Alikuwa amejifunza kusoma uzeeni, katika darasa la jioni la kanisani.

"Bi Gadd, ni kweli maskini wote tutapasuliwa?"

"Nani kasema wote? Kaa, mwanangu. Zamani madaktari walipewa miili ya watu walionyongwa. Haikutosha. Wezi wakafukua makaburi, wakawauzia maiti. Ndipo ikaja sheria hii mpya. Mwili usio na ndugu wa kuuchukua unaweza kupelekwa kwao, wajifunze."

"Wajifunze kwa mbwa!" alisema Obadia.

"Mbwa ana goti kama lako? Daktari aliyekuunga mguu mwaka juzi, ulidhani aliota mifupa ilivyokaa?"

Obadia aliupapasa mguu wake.

"Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mgonjwa kukataa," aliendelea Bi Gadd. "Aandike. Kama hajui kuandika, aseme kwa kinywa chake akiwa mgonjwa, mbele ya mashahidi wawili. Na ndugu akitaka maiti azikwe bila kupasuliwa, lazima asikilizwe."

"Ndugu," alinong'ona Thirza. "Mimi ni jirani."

"Basi nenda ukajitaje. Leo! Kifo hakingoji Jumapili."

"Wakimfukuza je?"

"Nitambeba," alisema Obadia. "Ana uzito gani yule? Mimi nabeba makaa."

Waliondoka wote watatu. Njia nzima Thirza aliomba, "Bwana, asife kabla sijasema."

Karani alimtazama kwa mshangao. "Wewe si yule jirani?"

"Nilidanganya. Mimi ni mwanawe wa kumzaa."

"Umedanganya parokia! Nitawaambia wakubwa. Utaulizwa."

"Niulizwe, bwana. Lakini andika kwanza."

Karani aliguna, akaandika.

Wodini, Bibi Keziah alihema kwa shida. Bi Gadd na muuguzi walisimama kando ya kitanda, wawe mashahidi.

"Sema unavyotaka, bibi," alisema Bi Gadd.

"Nisipasuliwe. Nizikwe na mwili wangu wote, karibu na mume wangu." Kisha akamgeukia Thirza. "Na wewe, mwanamke, u nani?"

"Mama, ni mimi. Mwanao."

"Sema kwa nguvu. Wodi nzima inadhani sikuzaa."

Thirza alisema kwa nguvu, huku analia.

Bibi Keziah alifariki Alhamisi. Gari lilifika uani kama kawaida. Karani alifungua daftari, akasoma, akamwambia dereva arudi bila kitu.

Bi Gadd alimwosha marehemu. Obadia alitengeneza jeneza kwa mbao za masanduku. Juu yake Bi Gadd aliandika kwa chaki: *Keziah, mama wa Thirza.*

Thirza hakujua kusoma. "Neno lipi ni mama?" aliuliza.

Bi Gadd alimwonyesha. Thirza aliligusa kwa kidole, herufi moja moja, mpaka mwisho.