Chai Aliyoipoza Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidege, binti aliyepewa jina hilo kwa wembamba wa sauti yake, alichemsha chai ya bibi. Kuipoza ilikuwa kazi ya baba. Mikono ya bibi ilitetemeka na mapafu yake yalikuwa dhaifu. Basi baba alikaa kando ya kitanda, akapuliza kikombe taratibu, kisha akamnywesha mama yake.

"Mke mwenzangu," bibi alimtania Kidege, "sukari umeitia, au umeionyesha chai tu?"

Baba alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni. Wenzake walimwita Chuma, kwa kuwa alibeba magunia bila kuhema. Muuguzi wa zahanati alipopita nyumba kwa nyumba na chanjo ya homa ya mafua, bibi alichanjwa. Baba akacheka.

"Mimi tena, dada? Sindano yako itapinda! Wachanje wagonjwa."

"Hata wazima huchanjwa, kaka. Kila mwaka."

"Basi mwakani, Mungu akipenda."

Baridi ilipoingia, baba alishikwa na mafua. Mwili ulimuuma, akapiga chafya, lakini kazini akaenda. "Mafua tu haya," alisema. Na kila asubuhi aliipuliza chai ya mama yake kama kawaida.

Yeye alipona upesi. Bibi akaanza kukohoa. Homa ikapanda, kifua kikambana, wakamkimbiza hospitali. Kidege alisali hadi maneno yakamwishia. Bibi alimshika kidole, akanong'ona, "Mwambie baba yako naingoja chai yangu."

Hakuinywa tena. Kesho yake Mungu alimchukua.

Baada ya mazishi Kidege alichemsha chai kwa mazoea. Baba akapokea kikombe, akapuliza, akainua macho. Kitanda kilikuwa kitupu. Akalia kama mtoto.

Muuguzi alipokuja kuwapa pole, baba alimuuliza, "Niambie kweli, dada. Ni mimi niliyemwambukiza?"

"Hilo sijui, kaka. Huenda aliupata ugonjwa kwa mwingine. Tena chanjo haizuii kila kitu, inapunguza hatari."

"Ningeweza kuipunguza," baba alisema kwa sauti ndogo. "Nami nikafanya mzaha."

Mwaka uliofuata alikwenda zahanati na Kidege mapema, kabla baridi haijaingia. Mchukuzi mwenzake aliyekuwa akipita akamtania, "Vipi Chuma, umeshaingia kutu?"

Baba hakucheka. Alikunja mkono wa shati, akachomwa sindano, akaketi huku ameshika pamba begani.

"Mwanangu," alimwambia Kidege, "nilijiona mzima, nikadhani uzima huu ni wangu peke yangu. Kumbe Mungu alinipa ili nimlinde nao mama yangu. Ukiwa mkubwa, usichanjwe kwa kujihofia wewe tu. Mkumbuke na yule unayempozea chai."