Ukurasa Usio na Maneno

Mvua ilishuka bila hodi, na pale kando ya posta, penye wauza vitabu vya mitumba, kila mtu akajifunika kichwa na kilichokuwa karibu. Wengine magazeti, wengine mikoba, na mama mmoja mnene trei ya mayai, tupu kwa bahati.

"Kaka! Wewe wa ovaroli! Hebu shusha hicho kitabu kichwani!"

Mwanamume aligeuka. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa na grisi kwenye mikono yote miwili, na mwanya wake ulionekana kabla hata hajacheka. Aliyemfokea alikuwa dada mmoja wa gauni la njano lenye kola nyeupe, viatu ameshavua, ameviweka kwapani.

"Samahani, dada. Ni hii mvua tu."

"Wewe utakauka. Kitabu kikilowa ndiyo basi tena!"

"Mwambie huyo!" mwenye vitabu alidakia huku akihangaika na turubai lake. "Nimeuza vitabu miaka yote, leo nimeanza kukodisha miavuli!"

Jamaa alikishusha, akakitazama kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kitabu cha hadithi ya picha, kile kile kilichosomwa na wasichana wengi wa rika lile chini ya madawati: jaladani msichana yuko juu ya baiskeli, na mvulana mwenye tarumbeta anamkimbilia nyuma. Kisha alimtazama mwenye gauni. Sasa, kwa asili yake hakuwa mtu wa uongo. Lakini wapo wanaume ambao wakiona gauni la njano kwenye mvua, ulimi hutangulia kusalimia, akili inafuata baadaye inachechemea.

"Kwani huyu dada hajui?" alisema. "Hiki ndicho kitabu changu cha roho. Nimekisoma shuleni mpaka kurasa zikalegea."

"Muongo!"

"Haki ya nani."

"Haya, unampenda nani zaidi? Mpiga tarumbeta au kaka yake?"

Alilitazama jalada haraka. "Mtu unachaguaje hapo, dada?"

"Enhe!" Dada alipiga makofi, viatu vikamponyoka kwapani. "Maneno yangu hayo hayo! Changu nimekibandika gundi mpaka hakifungi, nilikuja kutafuta kingine. Wewe chako kiko wapi?"

"Kilipotea tukihama."

"Maskini. Basi kichukue wewe."

Na kweli alimwachia. Alikuwa amekitafuta kwa muda mrefu, akampa mtu aliyekifanya mwavuli, kwa sababu tu alidhani amekutana na mwenzake.

*

Huyu dada alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa ya mjini. Chumba chake kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, kina meza mbili, na mji mzima ulikuwa unaijua sauti yake bila kuijua sura yake. Meza ya pili ilikuwa ya mwenzake wa zamu, mwanamke waliyembandika jina la Redio, na hakuna haja ya kueleza kwa nini.

Mchana kutwa alizungumza na watu. Jioni akifika nyumbani, alizungumza na nani? Alikuwa na chumba kimoja na sebule, viti viwili ambavyo kimoja hakikaliwi, na rafu ya vitabu vya ujana wake: hadithi za mapenzi za wanafunzi, majalada yamepauka, na zile za picha ambazo wahusika wake wana macho makubwa kama sahani. Alizijua zote. Alizianza upande wa kushoto wa rafu akaenda nazo mpaka mwisho, kisha akarudi kushoto. Majirani walimsikia akicheka peke yake, wakajua ana mgeni. Hakuwa na mgeni. Alikuwa amefika pale msichana wa baiskeli anapomwagia mwalimu wa muziki wino, na pale alikuwa anacheka kila mwaka.

Kitabu kipya hakugusa. Redio aliwahi kumletea kimoja siku ya kuzaliwa, akashukuru, akakifanya kigingi cha mlango.

Ndipo alipoingia yule wa ovaroli. Alikuwa fundi wa lifti, na Redio alipopata habari hakuweza kukaa kimya.

"Fundi lifti? Mwenzangu, huyo leo yuko juu, kesho yuko chini. Utamkamata ghorofa ya ngapi?"

"Niache, Redio. Huyu amekisoma kitabu."

"Mwanaume na kitabu cha mapenzi? Mchunguze."

Hakumchunguza. Walianza kukisoma pamoja kwenye simu, kila mmoja kwake, kila mmoja na kitabu chake. Sheria ilikuwa moja: hakuna kufungua ukurasa mpaka mwenzako aseme.

"Umefika chini?"

"Nimefika, Sauti." Ndivyo alivyomwita, Sauti.

"Geuza."

Karatasi zilisikika pande zote mbili za simu. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, kwa kuwa chumba chake hakikuwa na kiti. Alikuwa mtu wa kuonana na watu kwa ghorofa tatu nne, mlango ukafunguka wakashuka zao. Hakuna aliyewahi kumsubiri amalize ukurasa.

"Hapa penye wino," alisema Sauti, "wewe unacheka wapi? Kwa mwalimu au kwa paka?"

"Kwa paka," alijibu Fundi, akimtafuta paka kwa haraka. "Paka ananimaliza kabisa."

"Na mimi! Jamani, mimi na wewe tumetoka wapi?"

"Tumetoka mbali, kipenzi. Geuza."

Angeweza kukisoma chote siku moja akajua kila kitu, uongo wake ukakaa vizuri. Vitabu si vizito kuliko mota ya lifti. Lakini kila alipojaribu kufungua mbele, aliona anamtangulia mtu aliyemwambia amsubiri njiani. Basi hakufungua. Alibaki anajua kile tu alichosomewa, akiomba Mungu asiulizwe cha mbele.

Wakafika sehemu ambayo kaka wa mpiga tarumbeta anawaaga wenzake, anasema anakwenda mtoni mara moja tu.

"Geuza," alisema Sauti, polepole.

Ukurasa uliofuata haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa na mlango, na mbele ya mlango viatu viwili, kamba zimefungwa vizuri.

"Mbona viatu vitupu?" alisema Fundi. "Mwenyewe yuko wapi? Si alisema anakwenda kuogelea tu..." Akakisogeza kitabu karibu na macho. "Subiri. Hivi vimeletwa na watu? Jamani. Jamani, Sauti, kaka mtu amekufa?"

Upande wa pili kitabu kilisikika kikifungwa.

"Amekufa kweli? Huyu? Na ile ahadi ya tarumbeta aliyompa mdogo wake je?"

"Ulisema umekisoma," alisema Sauti.

Fundi akaona alipotumbukia.

"Ulisema umekisoma mpaka kurasa zikalegea."

"Sikiliza, mama..."

"Ukasema kilipotea mkihama. Nikakupa. Paka je? Ulikuwa unacheka kweli kwa paka?"

"Paka nilimcheka kweli. Wallahi hilo la paka ni la kweli."

Simu ilikatwa.

*

Ungemuuliza Redio, angekwambia ni ugomvi wa kitoto. "Wanaume wanaficha wake na watoto, wewe wako kaficha kwamba hajasoma katuni! Mrudie, usituchoshe." Lakini Redio hakuwa anajua yote, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

Dada huyu alikuwa na dada yake mkubwa. Vitabu vyote vya kwenye rafu walivisoma pamoja kitandani, mkubwa akifanya sauti za wavulana, mdogo za wasichana. Walipokua walipanga ile nyumba wawili, kila mmoja na kiti chake. Kisha mchana mmoja mweupe, akiwa mezani pake, wodi ya dharura ilipiga kuomba waunganishiwe ndugu wa mwanamke aliyeletwa kutoka ajali ya barabarani, ameshafariki. Muuguzi akamsomea namba. Vidole vyake vilikuwa vimeshabonyeza nusu ndipo akatambua kwamba namba ile ni ya kwao.

Tangu hapo hakutaka habari mpya, za vitabu wala za watu. Kitabu cha zamani hakimvizii mtu. Anayekufa humo ameshakufa, na mtu amejipanga tangu jaladani. Alipokutana na Fundi alifikiri amepata mtu aliyekwisha kulia kilio kile kile, mtu asiye na jipya. Kumbe jamaa alikuwa mgeni kama wageni wengine.

Alijaribu kurudi kwenye rafu yake. Alisoma kutoka kushoto kama kawaida. Alipofika kwenye viatu, alimsikia Fundi sikioni: jamani, amekufa kweli? Akakifunika kitabu. Akajaribu kingine, wapenzi wa shule ya bweni, akakuta anajiuliza humu, pasipo paka, Fundi angecheka wapi. Chumba kilikuwa kile kile na viti vile vile, ila ukimya wake ulikuwa umebadilika. Zamani ulikuwa ukimya wa kumkosa mtu mmoja.

Siku moja asubuhi taa ya simu ya nje iliwaka mezani.

"Hospitali, habari za asubuhi. Nikusaidie nini?"

"Naomba kuunganishwa na mtu aliyenikatia simu."

Redio alizungusha kiti kizima kusikiliza.

"Idara gani?" alisema Sauti, bila kupandisha wala kushusha.

"Idara ya hasira."

"Hatuna idara hiyo."

"Ipo, dada. Iko chini kabisa, haina dirisha."

"Mpigaji, kama huna mgonjwa..."

"Ninaye. Amerudia kitabu peke yake, sasa hapati usingizi. Mara ya kwanza kaka mtu alikufa mara moja. Mara ya pili kila akifunga kamba za viatu namwambia usiende, bwana, kaa. Anakufa kuanzia ukurasa wa kwanza. Wewe unawezaje kurudia hivi miaka yote?"

Sauti alishika waya wa simu. "Mimi nikirudia siumii," alisema.

"Kwa nini?"

Sauti aliuzungusha waya kidoleni. Redio alikuwa ameweka mkono mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakusema kitu.

"Niko getini," alisema Fundi. "Mapumziko yako yakifika nitakuwa kwenye benchi la bustani. Usipokuja, nitaelewa."

*

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kumtukana uso kwa uso. Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii mpaka mikunjo ikawa miwili miwili, na mapajani ana kitabu kipya cha hadithi ya picha, nailoni yake bado haijatolewa.

"Hiki nini?"

"Sikijui. Nimemwambia muuzaji nataka ambacho mimi sikijui na wewe hukijui."

"Mimi sisomi nisichokijua."

"Niambie kwa nini, basi niondoke nacho."

Akamwambia. Alimwambia kuhusu sauti za wavulana na kiti kisichokaliwa, kuhusu muuguzi, kuhusu vidole vyake. Alizungumza kwa ile sauti ya kazini, tulivu, kama anayemwelekeza mtu wodi. Fundi hakumshika mkono wala hakusema pole katikati. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo nilidhani wewe ulikuwepo," alimalizia. "Huko nyuma, kwenye vitabu. Nikasema huyu si mtu wa kunijia na jambo jipya."

"Nilitaka tu unitazame tena," alisema Fundi. "Nisamehe."

Wagonjwa wawili walipita na mashuka yao mabegani. Sauti alisubiri wapite.

"Niahidi kitu kimoja, yaishe," alisema. "Niambie hutakufa ukaniacha. Hata kama si kweli. Sema tu, mimi nitaamini."

Lilikuwa jambo dogo la kusema. Mwanamume yeyote angelisema, na mwanamke angefurahi, na wangekwenda zao. Fundi alikizungusha kitabu mapajani.

"Siwezi," alisema.

"Sema tu!"

"Nashinda nimening'inia kwenye kamba za chuma, mpenzi. Nafunga mkanda, nakagua breki, narudia kukagua. Lakini hilo siliwezi. Nilikupata kwa uongo, nikakukosa kwa uongo. Safari hii kama ni kukukosa, nikukose kwa kweli."

Akainuka, akaacha kitabu kwenye benchi, akasimama hajui aelekee wapi.

Sauti alilia. Alilia vibaya, kamasi na yote, mchana, mbele ya watu wenye matatizo yao. Hakuna aliyewahi kumwambia ukweli ule. Misibani walimwambia yamepita, kazini walimwambia jikaze, shangazi yake alimwambia olewa. Huyu mmoja alikuwa ameombwa uongo mdogo wa huruma akakataa kuutoa, ingawa aliogopa kuondoka mikono mitupu.

Alijifuta kwa kola ya sare yake. Kisha akachukua kitabu, akaing'ata nailoni kwa meno mpaka ikapasuka.

"Unakwenda wapi?" alisema. "Kaa hapa. Na usogee, unanizibia mwanga."

Fundi akakaa. Bega lake lilikuwa la moto.

Walisoma kimya. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na nyumba kwenye mtaa wenye ukungu, taa moja inawaka dirishani. Katika wa pili mwanamke alikuwa anakunja nguo, peke yake. Mwishoni mwa ukurasa wa tatu mlango wake uligongwa, akageuza kichwa.

"Nani huyo?" Fundi alinong'ona.

"Sijui," alisema Sauti, kidole chake tayari kimeshika ncha ya karatasi. "Mimi nitajuaje?"